Risasi ya Chubwi

Matrah, baada ya Alasiri

Baba,

Assalaamu alaykum, wewe na majirani zako wote huko mliko. Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako anaijua aliyekuchukua, na mimi kazi yangu imebaki kuomba tu. Sisi hatujambo. Mama ametoka eda. Siku ile ile alivaa kanga yake ya rangi ya machungwa, akateremka sokoni kugombana na muuza samaki, nikajua nyumba yetu itasimama. Cherehani changu kinakula kanzu za watu kutwa. Joto la Matrah ni lile lile ulilolikimbia, tunalala nje na mashuka tumeyalowesha maji, na Mama kila asubuhi huapa kwamba Unguja hata shetani alikuwa akipata upepo.

Nimeshika kalamu kwa jambo moja. Nadhiri yako imelipwa, Baba. Nakwambia mapema usije ukasoma barua nzima roho juu. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, maana wewe nakujua: watu wengine wangeuliza nani alikuja na nani hakuja, wewe utauliza ilikuwa risasi gani.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Siku zile mbaya za Unguja, wewe ulikuwa umeshatangulia huku Maskati, na mimi na Mama tulikuwa bado kule, hujui kama tu hai. Ndipo ulipoweka nadhiri. Ulimwambia Mungu kwamba mkeo na binti yako wakikanyaga ardhi hii salama, utawalisha watu wa msikiti wa babu yako, kile kijiji cha mlimani juu ya Qurayyat, nyama ya mbuzi wa jabali utakayempiga kwa mkono wako mwenyewe. Tulipofika na kusikia, Mama alikuuliza mbuzi wa sokoni ana kasoro gani. Ukasema neno limeshatoka. Akakujibu kwamba mdomo huponza kichwa, na yeye hajapata kuona mtu wa kumwahidi Mwenyezi Mungu mnyama anayeishi juu ya majabali.

Kweli, Unguja ulikuwa mwindaji, hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini ulikuwa mwindaji wa paa katika shamba la karafuu. Bunduki yako ilikuwa ya marisau, mnyama yuko hatua chache mbele yako kichakani, ukifyatua chembe zinamwagika kama mchele na moja haikosi kumpata. Hapa ulipoyaona tena majabali baada ya miaka yote ile ulishtuka. Kila kitu kiko mbali. Ukaenda kwa muuza risasi ukamwuliza swali moja tu, ipi inafika mbali kuliko zote. Naye akakupa ulichouliza: zile nyembamba za kijeshi, zenye ganda gumu la shaba mpaka nchani, za bunduki ya kumi, hii wanayoipenda hapa kwa kuwa inameza risasi kumi kwa mpigo. Nadhani watu wetu wengi wa Unguja wangeuliza hivyo hivyo. Mtu aliyetoka kichakani huogopa umbali, hafikirii kitakachotokea risasi ikishafika.

Ilifika. Ulimpiga yule dume, ukamwona akishtuka, kisha akaruka genge na kupotea upande wa pili na wewe umesimama na bunduki yako inayofika mbali. Mkamkuta kesho yake amekufa chini ya korongo. Shekhe wa kijiji alikwambia kwa upole kwamba mnyama aliyepotea machoni mwako akalala usiku kucha, huwezi kuapa kama ni risasi iliyomuua au ni lile genge, basi mwache. Ukamwacha. Nyama yote ile ikawa ya mbweha.

Uliporudi ulikaa barazani na kahawa yako mpaka ikapoa. Kisha ukaja pale nilipokuwa nashona, ukachukua sindano yangu, ukaipitisha kwenye kitambaa, ukakiinua juu kwenye mwanga kutafuta tundu. Hukuliona. Ukaniambia, "Nimemchoma sindano, Zuwena. Mnyama yule alihitaji ngumi." Maneno hayo ndiyo yaliyotuingiza mimi na wewe katika biashara ya moshi.

Unakumbuka ile bunduki ya Martini kuukuu uliyoipata, nzito kama mchi, ya kutia risasi moja moja? Mama alisema umeleta nguzo ya nyumba. Risasi zake hazikuwa za kutegemewa madukani, basi ukanunua makasha matupu ya risasi na kalibu ya chuma, tukaanza kusubu wenyewe. Madini yetu yalikuwa chubwi, zile timazi za nyavu wanazotupa wavuvi zikichakaa, kwa sababu ulisema hakuna risasi laini kama ya chubwi, unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Tuliziyeyusha katika buli lililovunjika mkono. Mimi nashika kalibu kwa matambara, wewe unamimina, na Mama anatufukuza jikoni, mara uani, mara hata uani hataki tukae. Za kwanza zilitoka na makunyanzi kama nyuso za vikongwe kwa kuwa kalibu ilikuwa baridi. Ukazirudisha zote motoni. Watu walikushauri utie bati kidogo zipate ugumu, ukawaambia ugumu umeshaiona faida yake.

Baruti ulipimia subana yangu ya kushonea, na mpaka leo inanuka, vidole vyangu vikiingia humo vinatoka na harufu ya Idi. Kusubu nilikusaidia. Kujaza hukunipa hata moja. Niliomba, ukakataa, ukasema ulitaja mkono wako mbele ya Mungu na hutaki uingiliwe. Kila moja uliifunga kwa nta, ukaigeuza, ukaipuliza, ukaipanga katika ule mkebe wa maziwa. Nilikuona ukizipanga kama mtu anayelaza watoto.

Kisha kile kifua kikakushika. Sitaki kurudia siku zile, nimezipita mara moja inatosha. Lakini neno lako la karibu na mwisho nalirudia, maana ndilo lililonipandisha mlimani. Ulinishika mkono ukasema, "Nadhiri iko shingoni mwangu. Usiniache nayo." Baba, wewe hukupata kuniomba kitu maisha yako yote. Ulikuwa ukiniamuru, tena kwa sauti. Basi nilijua uzito wake.

Alipokuja Ami Seif kwenye msiba, nilimweleza. Unamjua ndugu yako. Alikaa Pemba ujanani akajifunza Kiswahili na kula urojo, lakini kwa mambo ya jabali hamsikilizi mtu yeyote aliyezaliwa upande ule wa bahari. Alikubali papo hapo kupiga yeye, akasema ni wajibu wake na hata asingeombwa angeomba mwenyewe. Hapo nilimpenda sana. Kisha akapiga kifua akasema ana bunduki ya kumi na mkanda umejaa risasi za kijeshi, mpya, hazijaguswa hata na vumbi. Hapo nikaanza kuumwa na kichwa.

Tulingoja Mama atoke eda, maana pilau ya nadhiri yako hangeipika mwingine. Tukashuka Qurayyat na chombo kilichokuwa kikirudi tupu, kutoka hapo punda mpaka kijijini. Mama alikaa juu ya punda na gunia la mchele na kifuko cha karafuu, na kila mteremko nilimsikia akisoma Ayatul Kursiy. Mimi nilibeba mkebe wa maziwa mapajani. Ami alinitazama akacheka, akasema hajui kama nimebeba maiti au mtoto.

Kijijini, nyumbani kwa Ami, ndiko tulikobishana, na nataka ujue kwamba Ami si mjinga. Alisema Martini risasi yake inaanguka kama jiwe, ukilenga mbali ipandishe juu ya pembe na bado hujui itatua wapi. Moshi wake utamficha mnyama. Na baruti ni ya zamani, imekaa Matrah kwenye unyevu wa bahari, huenda ikasema chii na mbuzi akafa kwa kicheko. Akamalizia kwa kuniambia, "Bint, jabali si shamba la karafuu."

Nilimjibu, "Nnajua, ami. Lakini nadhiri haitaki risasi inayofika. Inataka mnyama anayebaki."

Nikamwomba tuzijaribu zote mbili mbele ya macho yake. Tulijaza udongo mbichi katika makanda ya tende, tukayapanga moja nyuma ya jingine kwenye ukingo wa wadi, ule mto mkavu wa nyuma ya mitende yake. Akaanza na ya kwake. Ilipita makanda yote kama hayapo, ikaenda kugonga jabali huko nyuma tukasikia mlio. Tundu lake hata kidole changu cha mwisho kilikataa kuingia. Kisha nikafungua mkebe nikampa Ami moja. Nakiri niliogopa, kwa kuwa zote ulizijaza siku moja kwa baruti moja, na ikiwa hii imelala basi zote zimelala, na kazi yako yote imekufa nawe.

Haikulala, Baba. Ilinguruma mpaka kuku wa Ami wakapotea mpaka jioni. Moshi ulipoondoka, kanda la kwanza lilikuwa limepasuka tumbo na la pili limelala ubavu, na risasi yako tuliifukua humo humo ndani. Ilikuwa imetandaa kama kitufe cha koti. Ami aliiweka kiganjani akaigeuza geuza. Halafu akasema kwamba hii sasa inamtaka asogee mpaka amsikie mnyama akitafuna.

Nikamwambia baba yangu ndivyo alivyowapata paa. Nikamsomea ile elimu yako niliyoisikia tangu mdogo, ya kulamba kidole kutafuta upepo, na lile neno lako, "Akila, nenda. Akiinua kichwa, kuwa jiwe." Ami akacheka, si kwa dharau. Alisema babu yenu aliwafundisha maneno hayo hayo, yeye na wewe, mkiwa bado hamjui kujifunga vikoi, na kwamba wewe ulikwenda nayo Unguja na yeye alirudi hapa akayasahau, tangu alipopata bunduki ya kumi. Sikulijua hilo. Miaka yote nilidhani maneno yale ni ya mashamba ya karafuu, kumbe yametoka kwenye majabali haya haya.

Alfajiri alipanda. Alichukua Martini na risasi zako, lakini na bunduki ya kumi akaitundika begani, akasema mtu mzima hatupi ungo kwa kuwa amepata chungu. Sikuweza kumkataza, mlima ni wake. Kwa hiyo sisi tulibaki chini kwenye mfereji wa falaji, mimi na Mama na wanawake wa kijiji, tumeshaosha mchele na hatuna nyama, na sijui atatumia ipi. Wanawake walikuwa wema. Mmoja alimwuliza Mama itakuwaje wakirudi mikono mitupu. Mama alimwambia mchele mtupu nao huliwa, lakini nilimwona akiosha tena mchele uliokwisha oshwa.

Sauti za bunduki zile mbili nazijua, kama navyozijua sauti za vyerehani. Ile ya kumi hulia kavu, kama kuni inayopasuka. Yako hulia kwa tumbo. Nilikaa pale namenya kitunguu thomu, nasikiliza, nasali moyoni kwamba kama itakuwa ile kavu basi isipate kitu, tutarudi mwakani. Jua likapanda. Mbuzi wa kijiji wakatolewa malishoni. Nikafika mahali nikaanza kukasirika na wewe, Baba, kwa nini hukunadhiri kuku.

Kisha ikalia. Kwa tumbo. Ilijigonga jabali hili ikaenda jabali lile ikarudi, na juu kabisa kwenye ukingo nikaona kijiwingu cheupe kikijikunja peke yake kwenye anga tupu. Nilisimama. Mama akasimama. Tukangoja ya pili, maana ya pili ingekuwa na maana mbaya. Haikuja ya pili.

Ami alishuka kabla ya Adhuhuri, mbuzi yuko mabegani mwake, miguu kaishika mbele kama mtu aliyevaa shali. Damu ilimwingia mpaka kwenye ndevu. Alimlaza chini mbele ya Mama kwanza, kabla ya shekhe, na hilo sitalisahau. Akasema, "Hakwenda popote. Alipiga magoti pale pale, nikamwahi na kisu bado anapumua." Shekhe akamwuliza kama alitaja jina la Mungu alipofyatua, Ami akasema alilitaja kwa sauti kubwa mpaka aliogopa mnyama angekimbia. Watu wakacheka. Mimi nililia, Baba, wala sikujificha.

Nyama yake ngumu, nikwambie ukweli, lakini Mama aliishinda. Aliipika mpaka ikasalimu amri, akatia karafuu na mdalasini kwa mkono wa Unguja, na harufu ilipofika msikitini hakuna aliyekawia kutoka. Wazee walikula mpaka wakalegeza mikanda ya majambia. Mmoja, yule aliyekuwa akituita watu wa Zinjibari wasiojua kutamka Kiarabu, alirudia sinia akauliza kama tuna nadhiri nyingine yoyote. Kisha shekhe akainua mikono, akakuombea kwa jina lako na jina la baba yako na la babu yako, na kijiji kizima kikaitikia amin. Nilitamani ungelisikia jina lako linavyojaa mahali pale. Halikuwa jina la mgeni.

Usiku Ami alinipa risasi aliyoikuta ndani ya bega la mnyama. Nayo imetandaa kama kitufe. Nimeitia pamoja na vifungo vyangu vya kushonea, na kila nikitafuta kifungo cha kanzu vidole vinaikuta kwanza. Bunduki ya kumi sasa imetundikwa ukutani kwa Ami, anasema ni ya kusherehekea harusi. Ameniomba nimsubie risasi za chubwi, nami nimekubali, kwa sharti kwamba wavuvi wa Matrah nizungumze nao mimi, maana yeye bei haiwezi.

Ahadi yangu kwako ni hii. Kalibu haitauzwa wala haitaazimwa. Zilizobaki katika mkebe, zile ulizozijaza wewe, hakuna atakayezifyatua kwa mchezo wala kwa harusi. Zitakaa juu ya kabati mahali pakavu, na baruti itakapokufa nitazizika kwa heshima. Nyingine nitajaza mimi, kwa subana ile ile. Na Mama nitamtunza, ingawa siku hizi sina hakika ni nani anayemtunza mwenzake.

Kuna jambo moja liliniwasha njia nzima ya kurudi. Kabla ya kuondoka nilimwuliza shekhe, kwa kuwa wewe ulisema utampiga kwa mkono wako, na aliyempiga ni ndugu yako. Shekhe alinituliza, akasema jamaa humlipia jamaa yake, na Mungu si mtu wa kuvutana kwa maneno. Nilimshukuru. Lakini kwenye punda, nimeukumbatia mkebe, nilikumbuka ulivyokaa uani na subana yangu, ukanikataza nisiguse baruti, ukaifunga kila moja kwa nta kwa kidole chako. Basi lala, Baba, shingo yako nyepesi. Mkono ulikuwa wako. Ami Seif aliazimisha kidole tu.

Binti yako,
Zuwena